Mashati ya Kuwapokea Wageni

Bondeni, 11 Januari

Mdogo wangu Mtoro,

Marahaba, maana najua ungekuwa hapa ungeshaniamkia. Sisi wazima. Mama naye mzima, ila masikio yake yamekuwa ya kuchagua: ukimwita kula anasikia, ukimwambia avae viatu hasikii. Mapacha wamemaliza darasa la kwanza na sasa wananisahihisha nikiongea lugha ya shule. Nimewaambia wasisahau nani anawapikia.

Barua hii anakuletea dereva wa zahanati, yule wa gari la wagonjwa. Simu huku mpaka upande kilimani, na magoti yangu unayajua. Halafu haya si maneno ya kupigiana kelele juu ya jiwe, watu wote wakisikia.

Kuna watu wamekuja kupigilia vigingi. Vina rangi nyekundu kichwani, vimeanzia pale mto unapobana, vimepita nyuma ya nyumba ya mama, vimekwenda mpaka juu ya makaburi. Nilimuuliza mmoja wao, kijana mpole tu, vigingi vya nini. Akasema maji ya bwawa yatafika hapo. Nikamuuliza yatafika lini. Akasema yeye ni wa vigingi, wa maji ni wengine.

Mwenyekiti wetu aliitwa wilayani akaambiwa bwawa ni la umeme na pesa zinatoka kwenye benki ya maendeleo. Alipoitaja nikakaa chini, maana ni hiyo hiyo yako. Watu hapa wamefurahi, wanasema basi tumepona, mtoto wetu yuko humo ndani. Mimi nina shaka. Nimekulea, nakujua, wewe hata kinyozi akikunyoa vibaya unamwambia asante.

Nataka jambo moja tu, na unijibu bila kuzunguka. Huku hakuna mwenye karatasi ya shamba. Bonde ni letu sote, miti ya mizinga ya nyuki inagawiwa ukoo kwa ukoo, hayo unayajua tangu utoto. Je, tunaweza kuwaambia hawa watu hapana, na hapana yetu ikasimama? Au tuanze kufunga mizigo?

Wanasema kuna mtaalamu anakuja kututazama kwanza. Tufanyeje?

Dada yako,
Mama Mapacha


Mjini, 24 Januari

Dada,

Shikamoo. Barua yako niliisomea chooni, maana ofisini kwetu kuta ni za vioo na kila mtu anaiona sura ya mwenzake.

Nakujibu bila kuzunguka. Ndiyo, mnaweza kukataa, lakini kuna sharti. Benki ina sera ya kuwalinda watu wa asili. Jamii ikishatambuliwa kuwa ni ya watu wa asili, mradi hauwezi kuihamisha mpaka yenyewe ikubali, wote kwa pamoja, bila kutishwa, na kabla kazi haijaanza. Wakikataa, benki haitoi pesa. Jamii isipotambuliwa inahesabiwa kama watu wengine wote: mwenye karatasi ya shamba analipwa, asiye na karatasi anapewa pole na kiwanja mahali pengine.

Huyo mtaalamu anakuja kuamua nyinyi ni wa upande upi. Atakaa, atauliza, ataandika. Anachokitafuta nakijua, kimo kwenye kabati nyuma ya kiti changu, lakini nimekatazwa kukwambia. Kanuni inasema mfanyakazi akiifundisha jamii cha kujibu, tathmini nzima inatupwa.

Na kuna jingine. Hapa hakuna anayejua kwamba natoka huko. Nilipoomba kazi niliandika mji niliosomea, nikaishia hapo. Wakijua leo, wataniondoa kwenye faili hili kabla ya chakula cha mchana, na nikiondoka hatabaki hata mtu mmoja humu anayejua kwamba kwenye ramani, pale palipoandikwa "pori", kuna nyumba ya mama.

Kwa hiyo nakuomba msinitaje. Mpokeeni mgeni vizuri, mwambieni ukweli. Nina matumaini, dada. Ukweli wenu unatosha.

Mdogo wako,
Mtoro


Bondeni, 19 Februari

Mtoro wangu,

Sasa lala usingizi. Mgeni amekuja, ameondoka, na nakwambia kazi tumeimaliza.

Uliposema tumpokee vizuri nilijua hilo ni langu. Unakumbuka tulivyokuwa tukienda sokoni na mama, na wale wa barabarani wakiziba pua? "Watu wa porini hao wamekuja, shikeni kuku wenu." Unakumbuka mwalimu alivyokuvisha kibao shingoni kwa kosa la kuongea lugha yetu, ukakimbia shule ukajificha kwenye mahindi hadi jina la Mtoro likakuganda? Mimi nakumbuka. Nikasema safari hii hakuna wa kutucheka.

Nilikuwa na robota la kitambaa cheupe, kile cha sare ambazo mwalimu mkuu aliagiza halafu akaingia mitini. Nimekaa kwenye cherehani mpaka mguu ukafa ganzi. Wazee wote wa kiume nimewashonea mashati, yana kola na mfuko wa kalamu, hata wale wasiojua kuandika. Wanawake nimewashonea blauzi. Mzee wa Mizinga, anayegawa miti na kuamua kesi zetu, nilimvua lile joho lake la ngozi mwenyewe. Alilalamika kwamba kola inamkaba, lakini alivaa. Tukamweka nyuma. Katikati tukamkalisha Mwenyekiti, ambaye kazi yake unaijua, kupiga muhuri na kwenda nyumbani.

Halafu nikapita nyumba kwa nyumba nikawaambia watu: mbele ya mgeni, hakuna kuongea lugha yetu. Ambaye lugha ya shule inamshinda, atabasamu. Tulifanya hata mazoezi. Watoto walimsomea shairi la kupiga mswaki, beti zote, bila kukosea.

Mgeni mwenyewe ni bwana mmoja wa miwani, mtaratibu, hakukataa kukalia kigoda. Aliuliza kama tuna viongozi wa kimila. Mwenyekiti akajibu hayo yalikuwa ya mababu, sisi ni watu wa maendeleo. Aliuliza tunaishi tofauti gani na majirani zetu. Tukajibu kwa pamoja kwamba tofauti haipo. Lugha akaniuliza mimi. Nikamwambia, ni hii hii tunayoongea na wewe. Kila tulichosema alikiandika, Mtoro, hakuacha hata neno. Wakati wa kuaga alinishika mkono akasema hakutegemea, ameambiwa mambo mengine kabisa kuhusu sisi, kumbe tumeendelea hivi. Natamani ungeziona sura za watu. Mzee wa Mizinga mwenyewe alisahau kulalamika.

Wewe hukutajwa hata kwa bahati mbaya. Mama alikuwa chumba cha nyuma, anapumzika.

Haya, niambie sasa. Ile hapana yetu tunaiandika wapi?

Dada yako mwenye vidole vilivyochomwa sindano,
Mama Mapacha


Mjini, 8 Machi

Dada,

Shikamoo. Barua hii nimeianza na kuichana, nikaianza tena. Bora niseme tu.

Taarifa ya bwana wa miwani imefika mezani kwangu. Ameiandika kwa heshima, amewasifu, na ametumaliza. Nakunakilia: "Jamii ya bonde haina tofauti inayoonekana na jamii jirani. Mavazi ni ya kawaida na nadhifu. Lugha inayotumika, hata na wazee, ni lugha ya taifa. Hakuna taratibu za kimila zinazoendelea; jamii inaongozwa na mwenyekiti. Wakazi wenyewe, walipoulizwa, walisisitiza kwamba hawana upekee wowote." Chini yake ameandika uamuzi kwamba sera ya watu wa asili haihusiki. Ameweka na picha. Mmekaa mstari, mmependeza sana.

Ile hapana yenu haina mahali pa kuandikwa.

Sasa nakwambia nilichokatazwa, maana sioni tena cha kuharibu. Walikuwa wanatafuta watu wenye lugha yao wenyewe. Wenye mzee wao anayegawa ardhi kwa utaratibu wao. Wasiojua kuishi mbali na mahali pao. Wanaojiita kwa jina lao na kufahamiana kwalo. Dada, walikuwa wanamtafuta mama. Walikuja na gari mpaka mlangoni wakimtafuta mama, na mimi nilikaa hapa kwenye kiti cha ofisi nikishika kanuni.

Imebaki njia moja. Jamii inaweza kuweka pingamizi kabla faili halijaenda kwenye bodi. Ndani ya bahasha hii nimeweka maneno ya kuandika. Mwalimu wa mapacha ayanakili kwa mwandiko wake, halafu karatasi yangu uichome.

Nilikwambia ukweli unatosha. Sikujua nilikuwa naongea kuhusu nini.

Mtoro


Bondeni, 27 Machi

Mtoro,

Salamu zitafuata, kwanza nimalize hasira.

Kwa hiyo tulitakiwa tuwe vile wanavyotutukana? Nieleze mimi mwenye darasa la nne. Maisha yangu yote nimeambiwa acha lugha hiyo, vaa vizuri, kaa kama watu, ndipo utasikilizwa. Nikienda wilayani na nguo ya kazi naambiwa nisubiri nje. Nikienda na gauni la kola nawekewa kiti. Hayo ndiyo niliyofundishwa, na si kitabuni. Leo anakuja mtu na gari la benki, nakaa kama watu, na anaandika kwamba kwa kuwa tunakaa kama watu, basi bonde si letu. Wangetuma na tangazo: safari hii tunawataka wa porini.

Uliposema watu wa asili, mimi nilielewa wenyeji, watu wenye kwao. Nikaona basi tuoneshe heshima ya mwenye kwao anapopokea mgeni. Wewe ungeelewa nini?

Nasema hivi ili nisiseme lile jingine. Lakini umemtaja mama kwa ujanja, kama unaniuliza alikuwa wapi, na nitakujibu. Mama hakuwa anapumzika. Nilimfungia. Unajua yeye lugha ya shule hana hata neno moja, na akimshika mgeni mkono haachii mpaka amwulize habari za mama yake na za mama wa mama yake. Niliogopa watamcheka. Aliposikia gari alianza kugonga mlango, anasema, nifungulie mwanangu, wageni wamekuja kwangu, nikawasalimie. Nikawaambia watoto warudie shairi, kwa sauti. Bwana wa miwani aliuliza ni nini kinagonga. Nikasema ni mbuzi.

Sijamwambia mtu mwingine hilo.

Mzee wa Mizinga amerudisha shati. Amelifua, amelikunja, ameliweka juu ya cherehani na kuondoka, na hakunitazama. Wengine wamefuata. Wale wasiorudisha wanalivalia kazi za shambani, nadhani ili nilione. Kisimani nikifika mazungumzo yanakatika. Siwalaumu.

Pingamizi tumeliandika, alama za dole gumba za watu wote zimo. Karatasi yako nimeichoma. Niambie kingine cha kufanya nitafanya, hata kama ni cha kijinga.

Dada yako


Mjini, 18 Aprili

Dada,

Shikamoo. Pingamizi limekubaliwa. Mkuu wetu wa kitengo alisoma, akasema ni mara chache kuona jamii ikijieleza vizuri hivi. Nilikuwa nimesimama karibu yake nikimpangia mafaili. Nilikubaliana naye.

Atakuja mtaalamu mwingine, mwanamke, mtu makini, simjui ubaya. Umeniomba nikwambie cha kufanya na sina. Si kwa sababu ya kanuni tena. Nimekaa na kalamu nikajiuliza, mtu anaambiwaje awe alivyo? Nikisema vaeni ngozi, nimewavisha mimi. Nikisema ongeeni lugha yetu, mtaongea kwa sababu nimesema. Jana kwenye ngazi, hapakuwa na mtu, nilijaribu kuiongea peke yangu. Nikakuta nimesahau tunawaitaje nyuki waliohama mzinga. Nilikaa kwenye ngazi mpaka mlinzi akaja kuniuliza kama naumwa.

Mfungulie mama mlango. Zaidi ya hapo sijui.

Mtoro


Bondeni, 14 Mei

Mdogo wangu,

Huyu wa pili alikuja na mkalimani wake, lakini mkalimani alijua lugha za jirani tu, yetu hakuijua. Mwalimu, kwa kuwa ni mwenzetu, akakubali kutafsiri. Tulikaa chini ya paa la shule, mvua inanyesha. Hakuna aliyevaa shati. Mama nilimkalisha mbele kabisa, na alifanya kama nilivyokwambia, alimshika yule mtaalamu mkono akaanza na bibi yake. Yule mtaalamu hakuutoa mkono wake. Aliacha kalamu akasikiliza tu. Mtoro, mama aliongea mpaka mvua ikakatika. Alitaja kila mti wa mizinga na aliyezaliwa mwaka uliopandishwa mzinga. Nilimtazama nikajiona mdogo mno.

Nilifikiri tumevuka. Vijana kidogo walizidisha, wamejifunga majani ambayo hata babu hakuwahi kujifunga, nikawafukuza kwa macho. Lakini mengine yote yalikwenda.

Ndipo mtaalamu akatoa zile picha. Akaziweka juu ya dawati, sote tumekaa mstari, mashati meupe. Akauliza kwa upole, miezi michache iliyopita mlikuwa hivi, leo mko hivi, nimwamini yupi? Kuna mtu aliwaambia mbadilike?

Mimi nilikuwa natafuta la kusema, nakuapia nilikuwa nalitafuta. Mzee wa Mizinga akasimama. Unamjua, uwongo hajui, na siku hiyo alikuwa na furaha kwa sababu ameulizwa yeye, si Mwenyekiti. Akasema, "Ni mtoto wetu. Yuko kwenu huko, kwenye hiyo benki. Ndiye aliyetufungua macho." Alisema kwa fahari kabisa, kifua mbele. Mwalimu naye akatafsiri yote, hakupunguza.

Yule mtaalamu alifunga daftari lake. Hakuonekana kukasirika. Aliuliza tu jina la huyo mtoto, na watu wakampa, wanashindana kumpa, kila mtu anaongeza na jina la ukoo.

Nikuulize, hii ni mbaya kiasi gani?

Dada yako


Mjini, 6 Juni

Dada,

Shikamoo. Ni mbaya yote.

Waliniita watu watatu mezani. Walikuwa wastaarabu, walinipa maji. Waliniuliza kama ni kweli, nikasema ni kweli. Nikawaambia pia kwamba mimi mwenyewe ndiye ushahidi, kwamba lugha ipo, mzee wa kugawa miti yupo, na mwanamke anayeongea naye mtaalamu wa pili kwenye ukurasa wa nne wa taarifa yake ni mama yangu mzazi. Mmoja aliandika. Mkuu wetu akasema, nadhani kwa huruma ya kweli, "Ungetuambia siku ya kwanza tungekusikiliza kama shahidi. Sasa wewe ni mgongano wa maslahi." Nilitaka kumwambia kwamba siku ya kwanza angenitoa kwenye faili. Naye alijua.

Tathmini ya pili wameiweka kando kwa sababu jamii ilifundishwa. Imebaki ya kwanza, ya mashati. Kwa utaratibu wao ile ndiyo safi, hakuna aliyeigusa. Hivyo ndivyo ilivyoandikwa kwenye karatasi iliyokwenda kwenye bodi, na bodi imepitisha.

Hawakunifukuza. Nimehamishiwa kitengo cha magari, napanga nani achukue gari gani na lini. Jana nimesaini gari la timu ya ujenzi inayokuja kwenu. Ningekataa, angesaini wa meza ya pili. Nimesaini mimi, na sijui kama kuna tofauti.

Usimwache Mzee wa Mizinga ajilaumu. Mwambie alijibu vizuri. Aliulizwa swali akajibu.

Nitakuja mwezi ujao mkianza kufunga mizigo. Kama mtakubali nije.

Mtoro


Makazi Mapya, 2 Oktoba

Mdogo wangu Mtoro,

Barua zako zote nimezipata, za mwaka ule na za miaka iliyofuata. Hata ile uliyosema ulifika mpaka njia panda na ukageuza. Sikujibu kwa sababu sikuwa na la kuandika, si kwa chuki. Hapa tulipo ni tambarare, nyumba zimepangwa mstari kama madawati, na cherehani yangu imekaa dirishani. Nashona mapazia ya watu. Nyuki wamekataa kukaa. Mzee wa Mizinga naye hana cha kugawa, anashinda kitandani ameelekea ukutani. Mapacha wanaongea lugha ya shule hata wakiota.

Leo nakuandikia kwa sababu ya jambo la Jumamosi.

Bwawa limefunguliwa rasmi. Wiki moja kabla, karani wa mradi alipita hapa na barua ya mwaliko. Walitaka kikundi cha utamaduni. Alisema, wageni kutoka benki wangependa kuona wenyeji halisi wa bonde, waje na mavazi yao ya asili, waimbe kwa lugha yao. Nilimwomba asome tena. Akasoma tena, maneno yale yale. Nilicheka, Mtoro, nilicheka mpaka yule kijana akaogopa.

Watu walienda. Karani alisema wanaoshirikiana na mradi ndio watakaowekewa bomba la maji kwanza, na hapa tunateka mbali. Mama naye alitaka kwenda. Nilimweleza ni wapi, hakuelewa, au alielewa kwa namna yake. Alivaa lile joho la ngozi, Mzee wa Mizinga alimpa bila kugeuka. Kwenye lori alikaa mbele akiwa na furaha, anamwambia dereva pa kukata kona.

Tulipofika, bonde halipo. Ni maji tu, yametulia, mpaka kwenye vile vigingi. Wamejenga jukwaa lenye turubai. Bwana wa miwani alikuwepo, alinikumbuka, akanipungia mkono. Tuliimba. Halafu mama, ambaye hakuwa kwenye ratiba, alipanda ngazi za jukwaa akaenda mpaka mbele. Mshereheshaji alifurahi, akamshikia kipaza sauti.

Mama aliyatazama yale maji kwa muda. Hakulia. Aliwageukia wageni akawasalimia kwa utaratibu, mama zao na mama wa mama zao, kama alivyotaka kufanya siku ile. Kisha akasema, kwa lugha yetu, nakuandikia ilivyokuwa: "Wageni wangu, mimi ndiye mwenye nyumba iliyoko hapa chini. Sina ugomvi. Nauliza tu, mlipotaka kuleta maji haya, mlimuuliza nani?"

Akasubiri jibu.

Mshereheshaji akaniletea kipaza sauti. Akasema, tutafsirie, bibi yetu anasemaje? Wote walikuwa wananitazama, wanatabasamu, wana hamu ya kusikia. Watu wetu pia walikuwa wananitazama. Nikasema, anawakaribisha, anawashukuru kwa kuja. Walipiga makofi wamesimama. Mmoja alimvisha mama shada la maua shingoni, na mama akaona wameelewa.

Tangu siku hiyo, kila asubuhi nikimpelekea chai ananiuliza walijibu nini, maana yeye masikio hayakushika. Walimuuliza nani? Nimemwambia wageni wamesafiri, majibu yatakuja. Anasema basi mwandikie mdogo wako, yuko karibu nao, awakumbushe.

Kwa hiyo nimekuandikia. Lakini usiwaulize. Jibu ninalo, Mtoro. Waliniuliza mimi. Kesho nitampelekea chai tena, na sijui nitamwambiaje.

Dada yako,
Mama Mapacha